Kuunganisha amp ya hedifoni na plea ya muziki: mwongozo kamili mpaka sauti itoke safi

Wakuu, hili limejirudia mno sasa. Mtu ananunua amp (amplifaya, kikuza sauti) ndogo ya kubeba, anaichomeka kwenye plea yake, halafu sauti inakuwa mbaya kuliko ilivyokuwa bila amp. Mmoja inakwaruza, mwingine inavuma shshsh hata kabla wimbo haujaanza, mwingine anasema mwimbaji kapotea kabisa vimebaki vyombo tu. Mara nyingi sana amp inakuwa nzima kabisa. Shida iko kwenye waya, au iko kwenye kujua nani anashika sauti kati ya plea na amp, na hapo ndipo karibu kila mtu anakwama.

Kitu kimoja ukikielewa kabla hujagusa waya wowote, amp inakuza kile inacholetewa. Ukiiletea sauti iliyokwisha kuchanika ndani ya plea, itakupa sauti hiyohiyo iliyochanika, ila kubwa zaidi. Pampu yenye nguvu haisafishi maji machafu. Kwa hiyo kazi yote tutakayofanya hapa inaanzia kwenye plea na inaishia kwenye masikio, kwa mpangilio huo, usiruke hatua.

## Vitu vya kuwa navyo

- Plea imejaa chaji, na amp imejaa chaji.
- Hedifoni ya waya. Za Bluetooth zina amp yao humohumo ndani, huu mwongozo hauzihusu.
- Waya mfupi wa AUX, pini ya milimita 3.5 pande zote mbili. Mfupi kabisa, urefu wa kiganja unatosha.
- Kama plea ni iPod ya lile tundu pana la pini 30, tafuta waya wa line out unaochomeka hapo chini. Nitaeleza kwa nini.
- Adapta ya kutoka pini kubwa ya 6.35 kwenda 3.5 kama hedifoni yako ni ya studio.
- Raba mbili za silikoni za kufungia amp na plea pamoja.
- Nyimbo tatu unazozijua vizuri: wa taarab wenye kanuni (ala ya nyuzi za kukwanyua) na fidla, wa dansi au rumba wenye gita moja kushoto na jingine kulia, na mmoja wenye besi nzito.
- Mita ya fundi, ile ya kupimia umeme. Si lazima, lakini hatua ya 7 itakuwa rahisi sana ukiwa nayo, na fundi simu yeyote Kariakoo ya Dar au Luthuli ya Nairobi anayo mezani.

## Hatua ya 1: Jua kama hedifoni yako inahitaji amp

Angalia kwenye boksi au kwenye maelezo ya hedifoni namba mbili, ohm (upinzani wa umeme) na dB (ukubwa wa sauti). Watu wanaangalia ohm peke yake, hiyo haitoshi, maana dB ndiyo inayosema inapiga kelele kiasi gani kwa umeme mdogo.

Chukua mfano wa Beyerdynamic DT 770 Pro ya ohm 250. Imeandikwa 96 dB kwa miliwati 1, na kwenye ohm 250 miliwati 1 inataka nusu volti. Plea kama iPod Classic ikifunguliwa mpaka mwisho inatoa karibu volti 1, hiyo inakupa kama 102 dB. Kwa bongo fleva iliyorekodiwa kwa sauti ya juu hapo umeshiba, lakini kwa rekodi za zamani zilizorekodiwa chini, au muziki wenye sehemu za kimya na sehemu za mlipuko, plea inafika mwisho bado unataka zaidi. Amp hapo ina kazi. Sennheiser HD 600 na HD 650 za ohm 300 ziko kundi hilohilo.

Sasa chukua Audio-Technica ATH-M50x, ohm 38 na 99 dB. Hiyo inataka volti 0.2 tu kufika 99 dB. Plea yoyote nzima inaiendesha. Ukiweka amp utapata nobu nzuri ya kuzungusha, na labda mvumo juu yake, basi.

Eafoni ndogo za kuziba sikio ndizo mbaya zaidi kuwekea amp kubwa, maana nyingi zina ohm 16 mpaka 32 na zaidi ya 100 dB kwa miliwati 1, zinasikia kila uchafu wa amp.

Umefaulu kama: unaweza kusema kwa sentensi moja kwa nini unaweka amp. "Plea inafika mwisho na bado sisikii vizuri" ni sababu. "Nimeona watu wanazo" si sababu, weka hela yako kwenye hedifoni nzuri zaidi, utasikia tofauti kubwa kuliko ya amp yoyote.

## Hatua ya 2: Safisha upande wa plea

Hii watu wanairuka halafu wanailaumu amp.

Ingia kwenye seting, tafuta kizuizi cha sauti ukizime. iPod ina kizuizi chake kwenye seting, na plea nyingi nyingine pia. Halafu kuna jambo ambalo huku kwetu linatugusa sana kwa sababu ya vifaa vya mtumba: plea zilizotengenezwa kwa soko la Ulaya zimefungwa kwa makusudi. Kipimo chao cha EN 50332 kinaweka kikomo cha milivolti 150 kwenye tundu la hedifoni. Ukiirudia ile DT 770 ya ohm 250, milivolti 150 inakupa kama 85 dB tu, ndiyo maana mtu anapiga kelele kwamba plea yake haina nguvu na mwenzake ana plea hiyohiyo inapiga vizuri. Zingine zinafunguka kwenye seting ukichagua eneo tofauti au ukikubali onyo la sauti kubwa, zingine hazifunguki, na hapo amp inaokoa kweli.

Zima ikwalaiza yote. Zima besi busti, zima zile seting za kufanya muziki usikike kama uko ukumbini. Sababu ni hii, ukipandisha besi kwa ikwalaiza ndani ya plea unapandisha mawimbi juu ya kile kiwango ambacho faili linaweza kubeba, vile vichwa vya mawimbi vinakatwa, na vikishakatwa hakuna amp duniani itakayovirudisha. Kama lazima utumie ikwalaiza, shusha kwanza sauti ya jumla ndani ya hiyo ikwalaiza kwa kiasi kilekile ulichopandisha, ukipandisha besi dB 6 basi shusha jumla dB 6. Amp itafidia.

Wanaotumia Rockbox (programu mbadala inayowekwa kwenye plea), sauti ya plea usiivushe 0 dB. Juu ya hapo wimbo uliorekodiwa kwa nguvu unaanza kukatika.

Na mafaili yenyewe. MP3 ya kbps 128 iliyoshushwa kutoka kwenye saiti za kupakua, ikapitia simu tatu na WhatsApp, itasikika vibaya zaidi kwenye amp kwa sababu sasa unasikia kila kitu. Tafuta kbps 256 au 320, au FLAC (faili lisilopunguza ubora), au kopi mwenyewe kutoka kwenye sidii.

Umefaulu kama: hedifoni ikiwa kwenye plea moja kwa moja, bila amp, wimbo unasikika safi hata kama ni mdogo. Kama hapa tayari inakwaruza, acha kila kitu urekebishe hapa kwanza.

## Hatua ya 3: Chagua sauti itokee wapi

Plea inaweza kuwa na njia mbili za kutoa sauti. Tundu la hedifoni limepitia amp ndogo iliyomo ndani ya plea na nobu ya sauti ya plea. LINE OUT haijapitia hiyo nobu, inatoka kwa kiwango kimoja kisichobadilika, na hiyo ndiyo amp yako inaipenda.

Kama ni iPod ya pini 30 (Classic, Nano za zamani, Touch za zamani), line out iko kwenye lile tundu la chini. Chomeka waya wake, upande wa pili nenda IN ya amp. Ukizungusha gurudumu la iPod sauti haitabadilika na hiyo ni sawa kabisa, haijaharibika, sauti sasa inashikwa na amp peke yake. iPod za tundu dogo la Lightning, lililoanza 2012, hazina hii kwa sababu hapo inatoka dijitali tu.

Kama ni Walkman ya Sony yenye WM-PORT, line out inapita hukohuko chini pia kwa waya wake maalum.

Kama ni plea mpya kama baadhi ya FiiO, tundu ni lilelile la juu ila kwenye seting unachagua liwe la hedifoni au liwe line out. Hapa onyo kubwa: ukishaliweka kwenye line out usichomeke eafoni humo moja kwa moja, sauti inatoka yote kwa mkupuo na masikio yako hayana akiba. Rudisha seting kabla ya kuchomoa amp.

Kama plea haina line out kabisa, mfano Sansa Clip, tumia tundu la hedifoni. Usiogope maneno ya kwamba amp mbili mfululizo zinaua sauti. Plea iliyotengenezwa vizuri inatoa sauti safi tu kwenye tundu lake, hasa inapoiendesha amp ambayo haivuti umeme wowote wa maana. Unachotakiwa ni kuweka sauti ya plea juu lakini isiguse mwisho, kama asilimia 80 mpaka 90, uiache hapo, na kuanzia hapo unatumia nobu ya amp peke yake.

Kwa nini juu? Kwa sababu mvumo wa plea ni uleule iwe umeweka sauti chini au juu. Ukiacha plea kwenye asilimia 30 halafu ukaivuta sauti kwa amp, unauvuta na mvumo. Na kwa nini isiguse mwisho? Plea nyingine za bei ndogo zinaanza kuchanika zikifika juu kabisa. Hili ndilo kosa namba moja la wanaosema amp inavuma, plea iko chini na amp iko juu.

Umefaulu kama: unajua nobu moja tu ya kugusa, na ni ya amp.

## Hatua ya 4: Waya na matundu

Amp nyingi za kubeba zina matundu mawili yanayofanana kabisa, IN na OUT. Kutoka kwenye plea nenda IN. Hedifoni inakaa OUT, lile ambalo mara nyingi limechorwa alama ya hedifoni. Ukigeuza utasikia kimya au sauti ya mbali sana.

Tundu la USB la amp ya kawaida ni la kuchajia tu. Watu wengi wanachomeka simu au kompyuta hapo wanasubiri muziki, hautakuja, labda iwe amp yenye DAC (kigeuzi cha dijitali kuwa sauti) ndani na imeandikwa hivo.

Sasa angalia pini ya waya wa AUX, hesabu pete nyeusi. Mbili ni stirio ya kawaida, ndiyo unayoitaka. Tatu ni ya simu yenye maiki. Waya wa pete tatu wakati mwingine unafanya kazi na wakati mwingine unakuletea ule ugonjwa wa mwimbaji kupotea. Na hedifoni yenye maiki kwenye waya inaweza kufanya hivohivo ikiwa kwenye OUT ya amp.

Ugonjwa wenyewe uko hivi. Muziki mwingi unaweka mwimbaji katikati, yaani sauti yake ni ileile kushoto na kulia. Ule waya wa kurudishia, wa graundi, usipogusa vizuri, hedifoni zako zinabaki zinapiga tofauti kati ya kushoto na kulia, na kilicho sawa pande zote kinafutika. Mwimbaji anaondoka, besi inaondoka, unabaki na mwangwi na vyombo vya pembeni. Hiyo karibu siku zote ni dalili ya waya au tundu, wala usipeleke amp kwa fundi. Sukuma pini mpaka ilie "tk", toa kava nene la plea kama linazuia pini isiingie yote, badilisha waya, safisha tundu, maana vumbi la mfukoni linajikusanya mle ndani na pini haifiki mwisho.

Onyo kwa wenye amp zenye tundu la balansi la milimita 2.5 au 4.4: usitumie adapta ya kulibadilisha kuwa 3.5 ya kawaida. Kwenye balansi kila upande una waya wake wa kurudi unaoendeshwa na amp, adapta inaziunganisha pamoja na unaweza kuichoma amp.

## Hatua ya 5: Geini iwe chini

Amp nyingi zina swichi ya geini (kiasi ambacho amp inaongeza sauti), L ya chini na H ya juu, au namba. Kila mtu anaweka H kwa sababu kalipia nguvu. Anza na L.

Sababu ya kwanza, kuchanika. Tuseme amp yako inaongeza mara 5 na betri yake inairuhusu kufika volti 4 tu. Ukiiletea volti 1 huku nobu iko mwisho inatakiwa itoe 5, haiwezi, inakata vichwa vya mawimbi, ndiyo ule mkwaruzo unaosikia besi ikipiga.

Sababu ya pili ni nobu yenyewe. Nobu za kuzungusha karibu zote, ukiwa chini kabisa ya mzunguko, upande mmoja unakuwa mkubwa kuliko mwingine. Ukiwa kwenye H na eafoni nyepesi utakuwa unasikiliza kwenye hicho kipande kibovu siku zote, muziki umeinamia kushoto, na unadhani eafoni imekufa upande mmoja. Ukishusha geini unalazimika kuzungusha nobu mpaka katikati, na hapo pande zinalingana.

Umefaulu kama: sauti yako ya kawaida ya kusikiliza inakuja nobu ikiwa kati ya theluthi na robo tatu ya mzunguko. Ukifika mwisho na bado ni ndogo, ndipo uende H, na ushushe nobu kwanza kabla ya kugusa swichi.

## Hatua ya 6: Mpangilio wa kuwasha

Fuata hivi kila siku, mpaka mkono uzoee:

1. Nobu ya amp iende sifuri.
2. Chomeka waya kati ya plea na amp.
3. Washa plea, anza wimbo, weka sauti ya plea pale asilimia 80 mpaka 90 kama hutumii line out.
4. Washa amp, subiri sekunde chache.
5. Chomeka hedifoni, kisha uvae, kisha pandisha nobu taratibu.

Kuzima ni kinyume, hedifoni inatoka ya kwanza. Amp nyingi zinapiga "pu" zikiwashwa au zikizimwa, na huo mshtuko kwenye eafoni nyepesi si mzuri kwa eafoni wala kwa sikio.

Na kwa kuwa sasa una nguvu ambayo hukuwa nayo, hizi namba za Shirika la Afya Duniani zishike: kwa mtu mzima 80 dB ni saa 40 kwa wiki, 90 dB ni saa 4 kwa wiki, 100 dB ni dakika 20 kwa wiki nzima. Amp safi ni ya hatari kwa namna yake, maana sauti haikwaruzi kukuonya kwamba umezidisha. Masikio yakilia nziiii baada ya kuvua, umezidisha.

## Hatua ya 7: Ipime

Kwanza kimya. Simamisha wimbo, nobu iache pale ulipokuwa unasikilizia, sikiliza. Isisikike kitu, au shshsh ndogo sana ambayo muziki ukianza inafunikwa. Kama inasikika, rudi hatua ya 3 na ya 5.

Pili, weka ule wa dansi. Gita la kushoto likae kushoto, la kulia kulia, mwimbaji katikati ya kichwa.

Tatu, ule wa taarab. Kanuni ni mtihani mzuri sana kwa sababu kila uzi ukikwanyuliwa unaanza kwa ncha kali halafu unafifia taratibu. Uzi unatakiwa ufifie mpaka mwisho wake, usikatike na usiwe na ukungu.

Nne, besi, kwa sauti yako ya kawaida. Isipasuke.

Sasa ndipo unalinganisha na bila amp, na hapa wengi wanajidanganya kwa sababu sikio la binadamu linapenda kilicho na sauti kubwa zaidi kidogo. Lazima sauti zilingane. Mwenye mita ya fundi, weka faili la mlio mmoja wa hertz 60 kwenye plea, mita iwe kwenye volti za AC, pima kwenye ncha na kwenye shina la pini ya waya wa AUX wa pili uliochomekwa OUT ya amp, angalia usizigusanishe zile ncha za mita. Andika namba. Halafu pima waya huohuo ukitoka kwenye plea moja kwa moja, rekebisha sauti ya plea mpaka namba zikaribiane. Badala ya mita unaweza kumpa mwenzako akubadilishie huku humuoni, na mlinganishe kwa sikio mpaka mkubaliane, si kamili lakini inasaidia.

Zikilingana na husikii tofauti, basi plea yako ilikuwa inaiendesha hedifoni vizuri tangu mwanzo, na amp unaweza kuiuza ikiwa bado mpya. Zikilingana na ukasikia besi imeshikika zaidi, hapo mara nyingi ni upinzani wa umeme wa tundu la plea yako. Hedifoni inatakiwa iwe na ohm angalau mara 8 ya ohm za tundu linaloiendesha, kwa hiyo eafoni ya ohm 16 inataka tundu la ohm 2 au chini yake. Amp nzuri iko chini ya hapo.

## Hatua ya 8: Kubeba na kuchaji

Funga amp na plea kwa zile raba, migongo ikikutana, waya mfupi juu usiwe umekunjwa kona kali. Weka pedi nyembamba kati yao zisikwaruzane. Usizifungie kwenye mfuko uliobana mchana wa joto la Dar au Mombasa, betri za lithiamu hazipendi joto.

Usisikilize huku unachaji, hasa kwa chaja za bei ya chini. Uchafu wa chaja unapita kwenye graundi na unausikia kama mngurumo au kamlio kembamba. Ukisikia mngurumo wowote, chomoa chaja kwanza kabla ya kushuku kitu kingine. Pawabenki mara nyingi ina uafadhali, ila si zote.

Simu isikae mfuko mmoja na amp. Ule mlio wa "tititi-tititi-trrr" unaokuja kabla simu haijaita ni mtandao wa 2G unaingia kwenye waya wa AUX, na kadiri waya ulivyo mrefu ndivyo unavyouokota zaidi. Hamishia simu mfuko wa upande wa pili, au iweke kwenye begi, na kama bado unasikia basi tafuta waya mfupi zaidi wenye kinga nzuri ya ndani.